Mstari wa Juu wa Kahawa ya Mama

Kwetu kahawa haikuwa kinywaji. Ilikuwa karo, sare za shule na mabati ya nyumba. Nilizaliwa katikati ya miti ya kahawa, nikajifunza kutembea nikijishikilia kwenye mashina yake, na nikaanza kunyoa ndevu kabla sijaionja hata tone. Mgeni akija, tulimpikia chai ya maziwa. Kahawa yetu ilipanda lori kiwandani ikaenda kunywewa na watu tusiowajua, huko mbali, wala hatukuwaonea wivu. Tulidhani ni dawa yao ya kitu fulani.

Mimi niliionja chuoni, nilipokuwa nikisomea uchungaji. Mwalimu wetu wa Kiyunani aliniona nikisinzia juu ya vitenzi, akanimiminia kikombe kutoka kwenye birika lake mwenyewe. Vitenzi vile nimevisahau vyote. Kahawa haijaniacha. Niliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini kuchunga kanisa dogo kwenye mlima ulio karibu na soko la Birongo, nilikuja na Biblia zangu, mke wangu, na tabia ya kunywa kahawa nyeusi asubuhi. Biblia walizipokea, mke wakampokea kwa vigelegele. Ile tabia ndiyo iliyowatia watu wasiwasi.

Aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote ni mama yangu. Mama alikuwa akisali Jumamosi. Baba, Mungu amrehemu, alisali Jumapili, na nyumbani kwetu jambo hilo lilisuluhishwa bila ugomvi: wasichana walimfuata mama, wavulana tukamfuata baba, na wiki yetu ikawa na siku mbili za kupiga viatu rangi. Waumini wa kanisa la mama hawakugusa pombe wala sigara, chai ya majani walikuwa wameiaga, na kahawa hawakuitaka hata kwa dawa. Kuipalilia, kuichuma na kuiuza, hapo hapakuwa na neno. Siku moja nilimuuliza mama tofauti iko wapi.

"Mchungaji," akaniambia, "hata punda namfuga. Umewahi kuniona nikimla?"

Mama aliniita mchungaji akiwa amekasirika. Akifurahi aliniita mwanangu. Kwa hiyo nilijua hali ya hewa hata kabla sijavuta kigoda.

Sasa nitaje jambo lililonikaa rohoni miaka ile yote, maana bila hilo haya mengine ni porojo. Mama hakuwahi kunisikia nikihubiri. Siku niliyowekewa mikono kuwa mchungaji, alipika wali wa umati mzima, akauleta mpaka uwanjani, kisha akakaa chini ya turubai la wapishi na mwiko wake mpaka ibada ikaisha. Mlango wa kanisa hakuuvuka. Alipobatizwa akiwa msichana alikuwa ameahidi kwamba ibada yake itakuwa ya siku moja, na mama hakuwa mtu wa kuahidi kitu halafu atafute uchochoro wa kukikwepa. Sikumlaumu. Lakini nilikuwa nikiwahubiria mama za watu wengine kila wiki, na kila nilipomwona mwanamke mzee benchi la mbele akitikisa kichwa kukubali, roho iliniuma. Nilitaka mama anisikie hata mara moja. Nilitaka kujua kama anaona nafaa.

Kilichozidisha uchungu ni kwamba nilimwona. Kanisa letu liko upande huu wa bonde, shamba la mama liko upande wa pili, kijito kiko katikati, na kiwanda cha kahawa kiko huko chini kando ya maji. Jumamosi kiwanda kilifungwa, kwa sababu karani na mpimaji na nusu ya wakulima walikuwa kanisani. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku kubwa ya kuchuma. Wakati wa ibada tuliacha mlango mkubwa wazi ili hewa iingie, nami nikisimama mimbarani niliona moja kwa moja kitambaa cha manjano alichojifunga mama kichwani kikihama kutoka mti hadi mti. Mimi nikisema tuinue mioyo yetu, yeye anainua kikapu.

Ndipo spika ikaja.

Lazima nieleze kwamba mimi napenda kitu chochote chenye waya. Nyumbani nilikuwa na redio kaseti niliyoitunza kwa kitambaa cha kufumwa, na betri zake zikichoka nilizianika juu ya bati zipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Nilikuwa na taipureta iliyovunjika herufi ya R, na kwa muda mrefu askofu alipokea kutoka kwangu barua zinazomtakia baraka za Oho Mtakatifu, kwa sababu nilisahau kujaza pengo kwa kalamu. Wako wachungaji wanaoona kila chombo kipya ni dirisha la shetani. Mimi huona kwamba zaburi zinatuambia tumfanyie Bwana kelele za shangwe, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba betri ni marufuku.

Waumini wakafanya harambee, tukaenda Kisii mjini kwa mwenye duka la redio. Alikuwa wa familia ya Kihindi, amezaliwa pale pale mjini, na Ekegusii chake, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa safi kuliko cha vijana wengi wa kwaya yangu. Alitutolea amplifaya na spika ya kijivu yenye mdomo mpana kama tarumbeta.

"Mchungaji, hii ukiongea Birongo," akasema kwa Kiswahili, ili wateja wengine nao wasikie, "watu ya Keumbu inasema amina."

Umeme haukuwa umetufikia, kwa hiyo tulitumia betri ya gari, ambayo kila wiki ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa soko la jirani la Keumbu kuchajiwa. Siku ya kufunga mitambo, fundi alipanda mkaratusi ulio kando ya kanisa, akauliza kutoka juu spika ielekee wapi. Wazee wa kanisa walitaka ielekee sokoni, waliko wenye dhambi. Mimi nikasema hapana, ielekee ng'ambo ya bonde, maana sauti hupenda nafasi. Wazee wakatazama ng'ambo. Wakaona kitambaa cha manjano kule kwenye kahawa, wakakohoa kidogo, na hakuna aliyebisha.

Jumapili ya kwanza mzee wetu wa kanisa, mkubwa wa wazee wote, alikipuliza kipaza sauti, akakigonga kwa kidole, akasema, "Haloo, haloo, moja mbili." Mbwa wa milima yote wakamjibu. Kisha nikasimama mimi. Nilihubiri siku hiyo kama mtu anayemwita mwenzake avuke mto uliofurika, jasho likanitoka mpaka kwenye ukosi, na kila nilipoinua macho nilitazama ng'ambo. Kitambaa cha manjano hakikusimama. Kilimaliza mti wake, kikaenda kwenye mti mwingine.

Jioni nilivuka kijito.

"Mama, leo ulinisikia?"

"Nilisikia bati likilia," akasema. "Kula ndizi, mchungaji."

Nikala ndizi. Nilirudi nyumbani nimenywea, nikamweleza mke wangu, nikitumaini atanihurumia. "Mpe muda," akasema, "na wewe upunguze kupiga makelele. Hata mimi niliyekaa ndani nilisikia bati."

Nikapunguza. Wiki zikapita. Mama alianza kuchuma kwenye mstari wa juu kabisa wa shamba lake, ulio usawa wa paa la kanisa, nami nikajiambia kwamba angalau sasa namwona vizuri. Wakati huo nilikuwa nimeanza mfululizo wa mahubiri juu ya yule mwanamke Msamaria aliyekutana na Yesu kisimani. Nilikuwa nikienda polepole, mstari baada ya mstari, kwa sababu nilimpenda sana mwanamke yule. Alikuwa anajibu. Watu wengi kwenye Biblia huambiwa jambo wakaanguka kifudifudi, lakini yeye aliuliza ndoo iko wapi. Ningemkuta Birongo siku ya soko nisingeshangaa.

Siku moja katikati ya juma nilipita kiwandani, na karani akaniita kando. Kwa wasiojua kazi ya kiwanda: mkulima akileta kahawa humwaga mzigo wake juu ya gunia, akaketi, akatoa zote za kijani na zilizokauka, na nyekundu tupu ndizo zinazopimwa. Mama alikuwa na sifa hapo. Alipomwaga mzigo wake, karani alikuwa akiwaita wengine waje waone kahawa ilivyochumwa na mtu mwenye akili.

"Mchungaji, usikasirike," karani akaniambia. "Kahawa ya mama siku hizi iko na kijani mingi. Anakaa hapa anachambua mpaka wenzake wote wanaenda. Mimi naona ni macho. Macho yake imeanza kuzeeka."

Nikaogopa kweli. Nyanya yangu, mamake mama, alimaliza maisha yake akishikwa mkono hata kwenda uani, na nilikuwa nimemwona mama akimshika. Nilikwenda moja kwa moja shambani nikamwambia tutaenda kwa daktari wa macho, Kisii.

"Macho yangu yako sawa."

"Na zile za kijani?"

"Kijani nacho ni rangi ya Mungu," akasema, kisha akarudi kwenye mti wake bila kuniambia nile ndizi. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno ya karani.

Kama hayo hayakutosha, nikaharibu mambo zaidi kwa kikombe changu cha asubuhi. Kahawa ya dukani ilikuwa imeniishia, na nyuma ya nyumba ya mchungaji palikuwa na miti michache. Nikaacha matunda yakauke, nikatwanga maganda yakatoka, nikakaanga punje kwenye sufuria mpaka zikawa nyeusi na mke wangu akakimbilia kuanua nguo zake kwenye kamba. Lakini kuzisaga! Kwenye kinu cha mbao nilipata kokoto. Ndipo nikafikiri kama mpenzi wa mitambo anavyofikiri. Pale sokoni Birongo palikuwa na kisiagi, ile mashine ya dizeli ya kusaga nafaka, inayosaga mahindi makavu kama mchezo. Kahawa ni nini mbele yake?

Mwenye kisiagi alikuna kichwa. "Mchungaji, hii si nafaka."

"Ni punje," nikasema.

Hakutaka kubishana na mtu wa kola. Akamimina kahawa yangu, mashine ikanguruma, soko lote likanukia, nami nikaondoka na mfuko wangu nikiimba. Sikukumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa. Kwetu Ijumaa kisiagi huwa na foleni mpaka barabarani, kwa sababu majirani wanaosali Jumamosi husaga na kupika kila kitu kabla jua halijatua, wasije wakahangaika na moto siku ya kupumzika. Na kisiagi hakijioshi. Unga hubaki kwenye kile kifuko kirefu cha kitambaa kinachofungwa mdomoni mwake, ukatoka na mzigo wa anayefuata. Waliofuata nyuma yangu walikuwa na wimbi, na unga wa wimbi ni mweusi wenyewe. Hakuna aliyeona kitu.

Naambiwa Jumamosi ile ibada yao ilikuwa moto. Wazee ambao kwa kawaida walianza kusinzia kwenye wimbo wa kwanza walikaa macho mpaka baraka. Kwaya iliimba beti zote ikarudia. Watu waliusifu ugali wa wimbi wa wiki ile, wakaulizana mbegu ilitoka wapi. Haikujulikana mpaka wiki ilipokuwa inaisha, mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini Nairobi alipotembelea shangazi yake, akapewa uji, akanusa kikombe na kusema hii ni kahawa. Uchunguzi ukafika kwa mwenye kisiagi, naye ni mtu mkweli. Akasema ni ya mchungaji.

Mama nilikutana naye kijitoni. Hakunisalimu.

"Mchungaji, umeninywesha kahawa."

"Mama, sikukusudia."

"Wiki nzima, asubuhi na jioni."

"Pole, mama. Labda ilikuwa kidogo tu."

"Haikuwa kidogo," akasema. "Mimi nilikuwa naongeza kikombe cha pili." Akapita na debe lake la maji.

Baada ya hapo wakaja wageni. Kiongozi wao alikuwa mzee wa kanisa la mama, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka, amefuatana na wenzake. Mke wangu, kwa mazoea, aliuliza kama watakunywa chai. Wageni wakatazama viatu vyao, nami nikaizima redio. Wakaletewa maziwa moto. Mzee alisema kwa upole kwamba hawakuja kugombana, Mungu anaujua moyo, lakini wanaomba kahawa yangu isikanyage tena kisiagini. Nikakubali haraka. Kisha akazungusha kikombe chake mezani.

"Na kwa vile tumefika," akasema, "ile spika pia. Jumapili watu wa upande ule wanafanya kazi. Inawasumbua. Mkiigeuza kidogo tutashukuru."

"Nani amelalamika?"

"Watu wa upande ule," akasema, akanywa maziwa.

Mimi upande ule nilimfikiria mtu mmoja tu. Shamba lililokuwa mbele kabisa ya mdomo wa spika lilikuwa la mama. Nikawasindikiza wageni mpaka barabarani, nikarudi, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Sijui kama nimewahi kuwa mnyonge vile kwa sababu ya chombo cha umeme. Nilikuwa nimemtamani mama anisikie, na mama alikuwa ameleta ujumbe kwa heshima zote kwamba ninyamaze. Usiku ule niliomba, na sala yangu haikuwa nzuri. Nilimwambia Mungu kwamba amenipa sauti, amplifaya na bonde zima, sasa vya nini.

Fundi akapanda tena mkaratusi, akageuza spika kuelekea sokoni, na wazee wangu wakapata walichotaka tangu mwanzo. Jumapili iliyofuata nilimaliza habari ya mwanamke wa kisimani. Wauza ndizi wa Birongo walisikia kila neno, na mmoja wao, naambiwa, alipunguza bei. Mimi nilitazama ng'ambo. Mstari wa juu haukuwa na mtu. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimeshuka huko chini karibu na maji, nikakiona mara moja moja kati ya majani. Nikajiambia mama sasa amepata amani yake, nikatangaza wimbo wa mwisho.

Habari ya macho sikuiacha. Mke wangu ndiye aliyemshawishi mama, kwa njia ambazo wanawake wale wawili hawakunieleza, na siku ya kliniki tukafika Kisii mjini mama akiwa amevaa viatu vyake vya Jumamosi. Daktari wa macho alimsimamisha mbali na ubao wenye alama zinazotazama juu, chini na pembeni. Mama alionyesha kwa mkono zinakotazama zote, mpaka mstari wa mwisho ambao mimi niliona ni vumbi. Kisha akamwambia daktari ubao wake umepinda upande wa kushoto, na kwamba kifungo cha tatu cha koti lake kinakaribia kudondoka.

Daktari alishika kifungo. "Mama huyu anaona kuliko mimi," akasema. "Mpeleke nyumbani akachume kahawa."

Nilifurahi, na papo hapo nikachanganyikiwa. Tukaingia kwenye hoteli ndogo karibu na stendi ili mama apumzike. Nilimwagizia maziwa moto na mandazi, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na mambo ya kujificha, nikajiagizia kahawa nyeusi mbele yake. Mhudumu aliiweka mezani ikitoa moshi. Mama aliinama, akavuta pumzi ndefu juu ya kikombe changu, akaegemea nyuma.

"Harufu haijakatazwa," akasema.

Tukanywa. Watu walikuwa wakiingia na kutoka. Mama alimega andazi lake vipande vidogo, kama anayewagawia watoto.

"Yule mwanamke wa kisimani," akasema ghafla. "Aliacha mtungi wake akakimbia mjini. Ulisema nini hapo?"

"Hiyo ni Yohana sura ya nne," nikaanza, "pale anapo—"

"Biblia naijua. Nilikuwa naisoma kabla hujazaliwa. Nauliza wewe ulisema nini."

Nikaweka kikombe chini. Nilimtazama, naye akatazama andazi.

"Uliishia pale anapomwambia Yesu najua Masihi yuaja," akasema. "Wiki iliyofuata mkageuza kile kidude. Nikasikia mvumo tu kama nyuki."

"Mama, si nyinyi mlioomba igeuzwe? Mzee alisema watu wa upande ule."

"Watu gani? Ni jirani yangu wa chini, mwenye ng'ombe. Anasema ukianza kuomba ng'ombe wake hashushi maziwa. Mimi nilimwambia akamue mapema."

Nikaanza kukoroga kahawa ambayo sikuwa nimeitia sukari. Akili yangu ilikuwa ikirudi nyuma, wiki baada ya wiki, mpaka kwenye gunia la kiwandani na mikono ya mama ikichambua wakati wenzake wameshakwenda.

"Ule mstari wa juu," nikasema polepole. "Udongo wake ni mbaya. Huiva mwisho."

"Huiva mwisho," akakubali.

"Na wewe ulikuwa huko kila Jumapili."

"Chini kuna maji, na ile mashine ya kiwanda. Katikati maneno yanafika nusu nusu. Kule juu nasikia hata ukikohoa. Una kikohozi, na hapa kuna madaktari."

"Kwa hiyo ukachuma za kijani."

"Zilizoiva ziliisha Jumapili ya kwanza!" akasema, kama mtu aliyesumbuliwa bure. "Ulitaka nifanye nini? Nisimame kule juu mikono mitupu, bonde zima likinitazama? Wangesema mama yake mchungaji amehamia Jumapili."

Macho yalinijaa machozi. Mhudumu alipopita akauliza kama kuna shida, nikamwambia kahawa ni moto. Mama alinipa leso yake, ile anayofungia chumvi, na akangoja. Hakuwa amesahau swali lake.

Basi nikamhubiria. Nilimwambia kwamba watu wengi husema mwanamke yule alisahau mtungi kwa furaha. Mimi nilisema hakusahau. Yesu alikuwa amechoka, amemwomba maji tangu mwanzo wa mazungumzo, na hatusomi popote kwamba alipewa. Hakuwa na cha kutekea. Kwa hiyo mwanamke alimwachia mtungi, akaenda kuwaita watu, akijua kwamba nyuma yake kuna mtu mwenye kiu na sasa ana chombo. Niliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kati ya vikombe, na watu wa meza ya jirani wakaacha kutafuna.

Mama alimaliza andazi lake.

"Hiyo ni nzuri, mwanangu," akasema. Kisha akafuta makombo mezani kwa kiganja. "Lakini unarudia sana maneno. Jambo likishaingia, liache likae."

Wiki ile nilikwenda kumwona jirani mwenye ng'ombe. Tulikubaliana kwamba nitapunguza sauti wakati wa maombi naye atakamua mapema, na fundi akapanda mkaratusi kwa mara ya tatu kuirudisha spika ielekee ng'ambo, akiuliza kama hatuwezi kumjengea ngazi.

Jumapili ilipofika nilisimama mimbarani na mlango ukiwa wazi. Kitambaa cha manjano kilikuwa kikipanda shamba, kikapita mistari ya chini iliyojaa nyekundu, kikapita ya katikati, kikafika juu. Mama hakuwa na kikapu. Alikuwa na kigoda. Alikiweka kati ya miti miwili, upande unaotazama kanisa, mahali ambapo kila mtu bondeni angemwona, akaketi, akaweka mikono yake juu ya magoti. Mikono ilikuwa mitupu.

Nilikuwa nimefungua kinywa, lakini maneno yakanipotea. Mzee wetu wa kanisa akadhani betri imekufa, akaja mbele, akakigonga kipaza sauti kwa kidole na kusema, "Haloo, haloo." Ng'ambo ya bonde mama akainua mkono kuonyesha kwamba anasikia.